Mshika mbili na Profesa Kolmogorov: dhana potofu na ukweli

"Mshika mbili moja humponyoka," huambiwa mwanafunzi anayependa hisabati na historia kwa pamoja. Mwanahisabati Andrei Kolmogorov, aliyezaliwa Tambov, Urusi, mwaka 1903, alishika nyingi kuliko mbili.

Dhana: Bingwa wa hisabati hupenda namba tu.
Kolmogorov aliingia Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1920, na huko alichambua pia kumbukumbu za umiliki wa ardhi katika Novgorod ya zamani, mji wa Urusi. Hisabati haikumponyoka. Mwaka 1922, akiwa na miaka 19, alipata tokeo kuhusu mifululizo ya Fourier (njia ya kueleza jambo tata kama jumla ya mawimbi sahili) lililomjulisha kwa wanahisabati wa nje. Uprofesa aliupata mwaka 1931.

Dhana: Mwenye mapenzi mengi hafiki kina popote.
Kitabu chake chembamba cha mwaka 1933 kiliipa nadharia ya uwezekano, yaani hisabati ya bahati, misingi inayofundishwa vyuoni mpaka leo. Mwaka 1941 aliandika juu ya maji na hewa vinavyovurugika vikienda kasi. Miaka ya 1960 akawa anapima mapigo ya mashairi ya Kirusi kwa takwimu. Sisi tuliolelewa na vina na mizani tungepaswa kuwa wa kwanza kumwelewa. Kwa maoni yangu kazi hizo zote zina swali moja: katika kinachoonekana cha kubahatisha, mna utaratibu gani?

Dhana: Hisabati haimwingizi mtu kwenye hatari.
Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyependwa na Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, alizikataa kanuni za urithi za Mendel, mtafiti wa karne ya 19 aliyechunguza jinsi mimea inavyorithi sifa. Mfuasi wake alitoa takwimu za mimea akidai uwiano wa tatu kwa mmoja, ambao Mendel aliutabiri kati ya mimea yenye sifa moja na ile yenye sifa nyingine, haushiki. Mwaka 1940 Kolmogorov alizichukua takwimu zilezile, akaonyesha kwamba tofauti zilizomo ni zile hasa ambazo bahati ingezileta kama Mendel yuko sahihi. Ushahidi wa kumpinga Mendel ukawa wa kumuunga mkono! Lysenko alimjibu hadharani. Mwaka huohuo Nikolai Vavilov, mtaalamu mkubwa wa mimea aliyempinga Lysenko, alikamatwa, akafia gerezani mwaka 1943. Kuchapisha hesabu ile kulihitaji ujasiri.

Dhana: Profesa mkubwa hana muda na watoto.
Mwaka 1963 alishiriki kuanzisha shule ya bweni ya hisabati na fizikia mjini Moscow. Alifundisha mwenyewe darasani, akawapigia wanafunzi muziki, akawasomea mashairi, akatembea nao msituni.