Oili ya gari usiitie kwenye pikipiki: ninavyobadilisha oili hapa Wete

Msimu wa karafuu uliopita kijana mmoja wa bodaboda aliniletea pikipiki yake akitaka sahani mpya za klachi. Akipanda kilima na gunia nyuma, injini inalia lakini chombo hakiendi. Kabla sijagusa spana nilimuuliza ametia oili gani. Akanionesha chupa: oili ya gari, tena ya bei.

Klachi ya gari kwa kawaida ni kavu, haikutani na oili ya injini. Kwenye pikipiki zetu nyingi oili ni hiyo hiyo moja: inalainisha pistoni, inalainisha gia, na sahani za klachi zinaogelea humo humo. Baadhi ya oili za gari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili petroli isiliwe sana, na klachi bila msuguano haishiki. Igeuze chupa, tafuta maandishi JASO MA au MA2, ndiyo alama ya oili ya pikipiki ambazo klachi yake inaogelea kwenye oili. Unene ufuate kitabu cha chombo chako. Hizi za cc 125 na 150 nyingi hutumia 20W-50, lita moja au kuzidi kidogo. Yule kijana nilimwaga ile oili, nikamtilia inayofaa, na sahani zake za zamani zikashika.

Kazi yenyewe mtu anaiweza uani kwake. Washa injini dakika tatu nne ipate uvuguvugu, zima, isimamishe wima. Oili baridi ni nzito, huacha uchafu ndani. Weka beseni, fungua boliti ya chini taratibu, maana nyengine huja na springi na chujio la waya. Chujio lioshe kwa mafuta ya taa. Unga mwembamba wa chuma usikutishe. Ukiona vipande vinavyoshikika kwa vidole, injini inataka kufunguliwa.

Filta ya karatasi haipo kwenye kila pikipiki. Injini za jamii ya Honda CG125 zina chujio la waya, na ndani kikombe kinachozunguka na kurusha uchafu pembeni. Yako ikiwa na ya karatasi, kabla hujaitoa tazama tundu limeelekea wapi. Ukiirudisha kinyume, oili inaweza kuzibiwa njia, na injini ikaungua ungali unaendesha.

Boliti irudishe na washa mpya (ile pete bapa ya kuzuia oili isivuje), uianze kwa vidole mpaka ifike mwisho, ndipo uikaze kwa spana fupi. Bodi ya injini ni alumini. Nimeona meno yake yakiliwa na mtu mwenye nguvu na spana ndefu, na kuyatengeneza ni gharama kuliko chupa kumi za oili.

Oili chafu itie kwenye dumu lenye kifuniko, wala usiimwage chini: maji ya visima vyetu yanatoka ardhini humu humu.

Tia mpya, washa dakika mbili tatu, zima, subiri ishuke. Pima pikipiki ikiwa wima. Nyingi kijiti cha kupimia huchovywa tu, hakikazwi; ukikikaza utasoma oili nyingi kuliko iliyomo.