Wingu la nyumbani halihitaji bando

Anayenijia akitaka hifadhi yake mwenyewe nyumbani, yaani mashine ya kuwekea picha na mafaili yake, huja na hofu mbili: kwamba mashine ni ghali, na kwamba intaneti ya Lamu haitaiweza kazi hiyo. Ya kwanza ina ukweli kidogo. Ya pili haina, kwa sababu kazi kubwa hufanyika ndani ya nyumba, kati ya simu na mashine iliyo chumba cha pili, bila hata kilobaiti moja kuvuka mlango.

Google waliacha kuhifadhi picha bure bila kikomo tarehe 1 Juni 2021. Akaunti ya bure ni GB 15, na barua pepe nazo zinakula humo humo. Picha ya simu za leo huwa kama MB 3 hadi 5, na video ndiyo usiseme. Harusi moja ya mtaa wetu wa Langoni yaweza kukumalizia nafasi yote. Ukilipia nafasi zaidi, bado utalipia bando la kuzipandisha huko. Ruta yako, kwa upande wake, haijali bando: likiisha, waifai inaendelea kuunganisha vifaa vya ndani kama kawaida. Simu italalamika kwamba hakuna intaneti na itataka kurudi kwenye data ya laini. Iambie ibaki. Wengi hukwama hapo wakadhani mtambo umekufa, kumbe ni simu tu inayojitia wasiwasi.

Mashine usinunue mpya. Tafuta laptopu kuukuu, tena afadhali yenye kioo kilichopasuka, maana kioo ndicho kinachoishusha bei na sisi hatukihitaji. Siku ya kuiwekea programu utaichomeka kwenye televisheni. RAM ya GB 4 yatosha. Wapo wanaonitajia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Ni kitu kizuri, lakini ukijumlisha adapta, kasha na nauli ya kuifikisha Mokowe, gati la bara, hadi ivushwe kisiwani, mara nyingi umeshafika bei ya laptopu, na Pi haina betri. Betri ndiyo hoja yangu yote. Umeme wetu hukatika, ukarudi, ukakatika tena kabla hujakaa, na diski iliyokuwa ikiandika wakati huo ndiyo huharibu mafaili. Laptopu hata haishtuki. Kwa sababu hiyo hiyo chukua diski ya nje ile ndogo ya inchi 2.5, inayovuta umeme kupitia USB. Ile kubwa ya inchi 3.5 ina plagi yake, itazimika pamoja na taa.

Ila betri inayokaa asilimia 100 usiku na mchana katika joto la pwani huvimba. Laptopu nyingi za ThinkPad zinakubali kuwekewa kikomo cha chaji, iweke 80. Ikiwa imeshavimba, itoe kabisa.

Kuhusu tokeni: mashine ya namna hii, skrini ikiwa imezimwa, hula kama wati 10. Hiyo ni takriban uniti 7 kwa mwezi. Piga hesabu kwa shilingi 30 kila uniti, utapata shilingi 210.

Mahali pa kuiweka pana shughuli zaidi kuliko mijini kwingine. Kuta za nyumba zetu za matumbawe zina unene unaokaribia nusu mita, na waifai haipiti humo kwa hiari. Weka mashine chumba kimoja na ruta, uziunganishe kwa waya, halafu simu zije zenyewe. Kidaka cha ukutani kinafaa sana, mradi kisiwe na pazia na mashine isiegemee ukuta. Kabati lililofungwa halifai, litaipika. Kisha kuna hewa ya chumvi: chomoa waya wa USB uliokaa miezi katika nyumba inayotazama bahari, utaona ukungu wa kijani kwenye meno yake. Ufute, uuchomeke tena. Mashine inayowaka muda wote hubaki na ujoto unaofukuza unyevu, kwa hiyo usiizime kila usiku ukidhani unaihurumia.

Programu: Debian, mfumo wa kuendesha mashine badala ya Windows, na juu yake Syncthing. Zote ni bure. Wapo wanaopendekeza Nextcloud, programu ya wingu iliyozaliwa 2016. Ina kalenda, majina ya watu, nyaraka na mengine mengi, lakini kwa familia inayotaka picha za simu zifike mahali salama ni kama kukodi jahazi la kwenda Shela, hapo jirani tu. Syncthing husawazisha folda kati ya vifaa, na vikiwa waifai moja hutafutana vyenyewe bila intaneti. Kwa Android, programu yao rasmi ilisimamishwa Desemba 2024, tumia Syncthing-Fork.

Sasa sikiliza vizuri. Kusawazisha si kuhifadhi. Mtoto akifuta picha kwenye simu, Syncthing itaifuta na kwenye mashine, kwa uaminifu kabisa. Washa utunzaji wa matoleo ya zamani upande wa mashine, ili kilichofutwa kihamishiwe folda ya pembeni badala ya kupotea.

Na hata hapo bado una nakala moja ndani ya nyumba moja. Ukiwa na pesa za diski ya TB 2, nunua mbili za TB 1. Kuna wanaofunga diski mbili kwenye mashine moja ziandike pamoja. Hiyo ni kinga ya diski kufa, si ya mwizi, moto wala kidole kilichofuta. Diski ya pili ifunge kwa nywila, programu ya LUKS inafanya kazi hiyo, kisha ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine, ije nyumbani mara moja kwa mwezi kunakiliwa yaliyo mapya. Mama mmoja wa mtaa wa Mkomani aliniambia, "Mwanangu, hizi za marehemu babake watoto ndizo nizitakazo. Hizo nyengine zikipotea na zipotee." Basi anza na hizo. Diski ya mtumba isome afya kwa programu ya smartctl kabla ya kulipa: ikiwa idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani vipande vilivyoharibika vikabadilishwa, si sufuri, mrudishie mwenyewe na salamu.

Kufikia hifadhi ukiwa mbali ndilo swali la kwanza la kila mtu. Kampuni nyingi za intaneti huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Ukiona ruta imepewa anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127, mlango wa kuifikia mashine moja kwa moja kutoka nje huna, na mimi nasema afadhali. Syncthing hupita bila mlango, data ikiwa imefungwa njia nzima. Ukitaka kuingia kwenye mashine yenyewe, Tailscale, huduma inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, ina kifurushi cha bure kwa mtu binafsi. Kijana aliyeko Muscat akitaka picha za harusi ya dadake, mfungulie folda moja ya picha teule, video ziache nje. Asipofanyiwa hivyo, ataanza kuvuta usiku, na asubuhi nyumba nzima itauliza bando limekwenda wapi.