Sindano ya mgongo na vidonge vya usingizi: kunywa kimyakimya ndiyo hatari

Sindano ya mgongo ni nini?
Ni dawa ya ganzi inayochomwa chini ya mgongo. Baada ya dakika chache miguu huwa mizito, na kuanzia tumboni kwenda chini husikii maumivu. Baada ya saa mbili tatu huisha. Si nusu kaputi. Kina mama wa upasuaji wa uzazi, wazee wa ngiri na busha, wengi huchomwa hiyo.

Mbona nilisinzia na sikupewa dawa ya kulala?
Ubongo hukaa macho pia kwa sababu ya habari zinazopanda kutoka mwilini: mguso, mkazo, maumivu. Sindano ikizizuia, mtu huanza kusinzia mwenyewe. Ganzi ikipanda juu zaidi, usingizi nao huzidi. Kwa hiyo dawa ya kumtuliza mgonjwa hutolewa kidogo kuliko kawaida, kidogo kidogo, huku sisi wahudumu wa ganzi tunamtazama. Kwa mzee hupunguzwa zaidi.

Nina hofu. Jirani kanipa valiamu, kidonge cha kutuliza na kusinzisha, ninywe usiku wa kuamkia operesheni.
Mrudishie. Tafadhali, mrudishie.

Kidonge kimoja tu kitanidhuru nini?
Hapo ulipo ganzi yenyewe inakusinzisha. Sisi, bila kujua, tunakuongezea dawa juu ya kidonge chako. Pumzi inapungua, ulimi unaanguka nyuma na kuziba njia ya hewa. Tena presha hushuka baada ya sindano hii, na mgonjwa aliye macho hutuambia, "Nahisi kichefuchefu, naona kizunguzungu." Aliyelewa vidonge hasemi kitu.

Lakini nilikunywa jana usiku, si imeshaisha?
Haijaisha! Valiamu hukaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa wazee siku kadhaa. Tunamuuliza mtu, "Umekunywa dawa yoyote?" anajibu hapana, mkono uko juu ya mkoba, na vidonge vimo ndani vimefungwa kwenye karatasi. Dawa za mafua zinazosinzisha, pombe, bangi, vyote vitaje. Hatumwitii mtu polisi.

Kwa vile silazwi usingizi, naweza kula?
Hapana. Ganzi ikikataa kushika itabidi nusu kaputi, na chakula kikirudi kinaingia mapafuni. Chakula mwisho ni muda wa saa sita kabla ya operesheni, maji matupu muda wa saa mbili kabla. Urojo si maji, mama.

Nikisema nimekunywa kidonge, mtanirudisha nyumbani?
Mara nyingi hapana. Tutakupunguzia dawa au tusikupe kabisa, tutakuwekea oksijeni na kukaa nawe karibu zaidi. Kile kibanio cha kidoleni kinapima oksijeni, kwa hiyo rangi ya kucha ifutwe kabla ya kuja. Na hofu tuambie sisi. Wengine hutulia kwa kuzungumzishwa tu, wasihitaji dawa yoyote.