Newala ina mikorosho, mto haina

Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala, ardhi inakatika ghafla mbele yako. Bonde la Ruvuma liko chini kabisa, ng'ambo ni Msumbiji. Watu hutazama mbali, mimi huinama. Kwenye ule mchanga mwekundu huokota kokoto nyeupe za mviringo, laini kama shanga. Kokoto haiwi mviringo yenyewe. Imeviringishwa na maji ya mto, tena kwa muda mrefu. Na leo juu ya uwanda wa Makonde, ilipo Newala, huoni mto.

Mimi ni mwanajiolojia, na swali ninaloulizwa zaidi na wenyeji ndilo hilo: mvua inanyesha Desemba hadi Aprili, maji yanakwenda wapi?

Jibu linaanzia mbali. Zamani Madagaska ilishikana na Afrika Mashariki. Miaka ipatayo milioni 160 iliyopita ikaanza kubanduka na kuteleza kuelekea kusini, na kovu la mwendo wake lipo mpaka leo chini ya bahari, mgongo wa Davie. Pwani yetu ikabaki ukingo unaodidimia. Mito ikateremka kutoka bara na mchanga uliomomonyoka kwenye miamba ya kale kama ile ya Masasi, ikaumwaga huku tabaka juu ya tabaka. Baadaye sana nguvu za ndani ya dunia zikaunyanyua. Ndiyo maana Newala iko juu, zaidi ya mita 600, kisha uwanda unashuka taratibu hadi baharini.

Mchanga huo ni chujio. Mwaga ndoo ya maji shambani, baada ya muda mfupi utakuta unyevu tu. Maji yanazama mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha, kisha yanachomoza mitelemkoni kama chemchemi. Bibi zetu waliteremka huko alfajiri, wakapanda na mitungi kichwani. Huniuma nikisikia watu wa Newala wakiambiwa walikuwa wavivu wa kuchimba visima. Nani angeyafuata maji kina kile kwa jembe na kamba? Walijenga matangi chini ya ardhi, wakayajaza maji ya mvua. Huo ni ujuzi.

Mkorosho nao unaupenda mchanga huo huo, kwa kuwa mzizi wake unakwenda chini sana na hautaki maji yaliyotuama. Wareno waliuleta kutoka Brazil karne ya 16. Ukakuta kitanda kimeshatandikwa. Kule pwani, mchanga uliozikwa ndio unaoshika gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achimbe wapi, sianzi na mitambo. Namuuliza bibi yake alikuwa akiteremka chemchemi gani. Nikishajua chemchemi ile iko kimo gani, naanza kukadiria tabaka lisilopitisha maji liko kina gani chini ya nyumba yake.