"Nichukue rampu za tani ngapi?" Dhana potofu kuhusu kuinua gari la kale kwenye maonyesho

Msimu wa maonyesho ukikaribia, mwenye gari la kale huja na swali moja tu kuhusu rampu, ile miteremko miwili ya kupandishia magurudumu: za tani ngapi? Haulizi mteremko una urefu gani. Haulizi ardhi ya uwanjani ni ya namna gani, wala gari lake linasukumwa na magurudumu yapi. Ni tani tu, na akishatajiwa namba kubwa anaondoka ameridhika. Tuanze hapo basi, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi huzaliwa.

"Tani zikiwa nyingi, gari liko salama"

Piga hesabu. Volkswagen Beetle ina takriban kilo 800, na kwa kuwa injini iko nyuma, karibu asilimia 60 ya uzito huo hukaa kwenye magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma ili injini ionekane kwa chini, kila rampu inabeba kama kilo 240. Peugeot 504 sedani ina kilo 1,200 hivi, kwa hiyo ukiinua pua yake kila rampu inapata kilo 300 au zaidi kidogo. Sasa chukua rampu nyonge ya dukani, iliyoandikwa tani 2. Namba hiyo kwa kawaida ni ya jozi, si ya rampu moja, na watengenezaji wengine humaanisha uzito wa gari zima, kwa hiyo soma maandishi madogo. Hata ukiigawa kwa mbili, unabaki na tani nzima kwa kilo 300. Rampu ya tani 5 haitakuongezea chochote hapo isipokuwa mzigo wa kubeba hadi uwanjani.

Rampu nzima, isiyo na kutu wala ufa, ni nadra sana kuvunjika chini ya gari dogo la kale. Kinachotokea ni kwamba inateleza, au inazama.

Kuteleza kwanza. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama 504, likipandishwa kwa pua, tairi za mbele ni abiria tu. Zinagonga mteremko na kuisukuma rampu mbele kabla hazijaanza kupanda. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele hufanya kinyume: tairi huikamata rampu na kuirusha nyuma, chini ya gari, na mara nyingi hutua kwenye ukingo wa mlango. Kwenye sakafu ya saruji mpira wa chini ya rampu husaidia. Kwenye nyasi, na maonyesho makubwa hufanyika kwenye nyasi (Africa Concours d'Elegance ya Nairobi iko kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong), mpira huo ni pambo, hasa asubuhi nyasi zikiwa na umande.

Dawa ya rampu inayosukumwa mbele ni plaiwudi ya milimita 18, kipande cha sentimita 60 kwa 120 kwa kila rampu. Pigilia ubao wa inchi 2 kwa 2 upande wa mbele wa plaiwudi, kwa skrubu, rampu iuegemee. Rampu yenye mteremko wa sentimita 60 na bapa la juu (sehemu tambarare tairi linapokaa) la sentimita 30 itakuachia kama sentimita 25 za plaiwudi tupu upande wa nyuma. Nafasi hiyo usiikate. Hapo ndipo tairi husimama kabla ya kupanda, na uzito wa gari lenyewe huibana plaiwudi chini. Mbele ya plaiwudi chomeka vigingi viwili vya chuma.

Kuzama sasa, na hapa ndipo watu husikiliza nusu nusu. Gari lililoinuliwa pua haliviringiki eti kwa sababu bodi imeinama. Tairi za mbele zikikaa kwenye bapa lililo sawa, na za nyuma kwenye ardhi iliyo sawa, hakuna kinacholisukuma popote, hata pua iwe juu kiasi gani. Mambo hubadilika bapa linapoacha kuwa sawa. Rampu za chuma za kuchomelea husimama kwenye kingo nyembamba, na kingo hizo hukata udongo kama kisu. Upande wa kizuizi (ule ukingo wa mbele unaozuia tairi lisipitilize) ukizama, gari linaegemea kizuizi, na hilo halina neno. Upande wa mteremko ukizama, tairi linaanza kuutafuta ukingo, na likishaupita hakuna tena bapa, ni kuteremka tu. Ndiyo maana mara tu gari linapokaa juu, weka pimamaji kwenye bapa la kila rampu, kisha rudi baada ya nusu saa upime tena. Bapa likiwa limeinama kuelekea mteremko, shusha gari utengeneze chini. Usikimbilie kuchomeka jiwe.

Kwa hiyo unapochagua rampu, uliza kuhusu bapa kabla ya tani: liwe na urefu usiopungua sentimita 25, kizuizi cha mbele cha sentimita 4 au 5, na ikiwezekana kibonde kidogo cha tairi kutulia. Upana si tatizo kwa magari haya. Tairi la 165 lina sentimita 16.5, na rampu ya sentimita 23 inatosha.

"Nikipanda polepole bampa haitagusa"

Itagusa polepole. Hapa kinachoamua ni umbo la rampu, na mguu wako kwenye klachi haulibadilishi. Pima kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya pua (bampa, bati la chini, kibao cha namba), toa sentimita 3 kwa ajili ya springi kuzama ukikanyaga breki, kisha gawa kwa umbali kutoka tairi linapogusa ardhi hadi kwenye pua hiyo. Mfano: sentimita 18 ukitoa 3 ni 15, na umbali ni 60. Inakuja 0.25. Rampu ya kimo cha sentimita 17 yenye mteremko wa sentimita 60 ni 0.28, kwa hiyo bampa lako la kromu linakwaruzwa. Rampu ya kimo kile kile yenye mteremko wa sentimita 90 ni 0.19, na inapita bila wasiwasi.

Kama umeshanunua fupi, laza ubao wa unene wa inchi 2 pale mteremko wa kila rampu unapoanzia, ncha yake iguse rampu. Tairi likisimama juu ya ubao, pua imepata sentimita 5 zaidi. Na ukitaka kupanda kinyumenyume, pima upya kwa kutumia ncha ya bomba la moshi. Bomba hushuka chini kuliko bampa na hujitokeza mbali zaidi, lakini watu hulisahau.

"Breki ya mkono inatosha"

Inashika magurudumu yapi? Ukishindwa kujibu hilo, usiinue gari. Magari mengi hushika ya nyuma. Citroën DS na Subaru Leone za miaka ya 80 hushika ya mbele. Ukiinua pua ya Leone kwa jeki, breki ya mkono na gia vyote vinashikilia magurudumu yaliyo hewani, huku ya nyuma, yaliyobaki chini, yako huru kabisa.

Land Rover Series ndiyo yenye mtego mkubwa. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela ya nyuma (shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma), kwa dramu iliyo nyuma ya giaboksi. Inua gurudumu moja tu la nyuma na difu (gia zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili) italiruhusu lizunguke upande mmoja wakati lile la chini linazunguka upande mwingine, na gari linaondoka huku breki imevutwa hadi mwisho. Hilo si hitilafu. Limeundwa hivyo. Kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu lililo chini, kila mara, gari lolote. Kabari ya mbao iliyokatwa kwa mshazari inatosha. Tofali halitoshi.

"Rampu ya kweli ni ya chuma, mbao ni za kubabaisha"

Tairi lenye upepo wa psi 28 hukandamiza kinacholibeba kwa takriban kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba. Mbao ya kawaida ya saiprasi, ikilazwa, inabeba mara nyingi zaidi ya hapo bila kubonyea. Nitakwenda mbali zaidi: kama lengo ni kuonyesha gari na si kubadilisha oili kila wiki, huhitaji mteremko kabisa. Inua gari kwa jeki, weka viti vya mbao (mbao zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka) chini ya tairi, shusha. Hakuna kuteleza wala bampa kugusa, na hakuna kuunguza klachi mbele ya watu.

Kwa jozi moja unahitaji kama futi 15 za mbao ya inchi 10 kwa 2. Kata vipande vya sentimita 50, vinne kwa kila kiti, na kile cha chini kabisa kiwe na sentimita 60. Vibandike kwa gundi ya mbao, kisha kila tabaka lifungwe kwa skrubu 5 za milimita 75, zikipishana na za tabaka la chini ili zisigongane. Kimo kinakuwa sentimita 20, chini ya upana wa sentimita 25, na hapo ndipo pa kukoma: kiti kisizidi upana wake kwa kimo. Juu yake, mbele na nyuma, funga ubao wa sentimita 5 kwa 5 kama kizuizi. Kwa Beetle yenye rimu ya inchi 15, nafasi kati ya vizuizi viwili iwe sentimita 35, na tairi litakaa bila kucheza. Rangi nyeusi isiyong'aa, na kila mtu atadhani umeagiza Ulaya.

Siku yenyewe: ardhi sawa, gia ya kwanza, breki ya mkono, kabari kwa magurudumu yanayobaki chini. Jeki ya magurudumu isimame kwenye plaiwudi ya angalau sentimita 60 kwa 60. Jeki hiyo inapoinua hujisogeza yenyewe kidogo, na ikizama kwenye nyasi ikashindwa kusogea, basi gari ndilo litakalovutwa. Inulia katikati, kwenye boriti inayobeba ekseli, usiguse sampu (bakuli la oili la injini) wala sakafu, ili tairi zote mbili ziondoke chini kwa pamoja. Springi hunyooka gari likipanda, kwa hiyo ili tairi ipate sentimita 20 bodi inahitaji kupanda kama 30. Ijaribu jeki yako nyumbani. Isipofika, tengeneza viti vya tabaka tatu, wala usiweke kigogo juu ya jeki. Viti visukumwe kutoka ubavuni, tairi likipita kati ya vizuizi, kisha shusha taratibu.

Nyingine, kwa ufupi

"Mawe ya kujengea yanabeba nyumba, yatashindwa gari?" Yanabeba nyumba yakiwa yamepangwa na kuunganishwa kwa saruji, mzigo umetandazwa. Jiwe moja chini ya uzito uliokaa sehemu moja hupasuka bila kutoa onyo. Matofali yenye matundu ni mabaya zaidi. Sijadili.

"Plastiki haiwezi." Inaweza, ikiwa mpya. Adui yake ni jua. Rampu iliyokaa miaka nje uani hupauka na kuwa kavu. Igeuze uangalie mbavu za chini: mistari myeupe ni mwanzo wa ufa, na hapo kazi yake imekwisha.

"Fundi wa jua kali atanichomelea kwa bei poa." Sawa, ila umpe vipimo: pembe ya chuma ya milimita 50 kwa 50 kwa 5, na chini kila rampu iwe na bati pana badala ya kingo tupu. Kagua pale mteremko unapokutana na bapa. Mchomeleo uzunguke kiungo chote. Ukiona nukta nukta, rudisha.

"Nikiliacha siku mbili springi zitaharibika." Magurudumu bado yanabeba gari kama barabarani, springi hazijui tofauti. Kinachobadilika ni gari likikaa kwenye stendi huku magurudumu yananing'inia. Beetle za zamani, zikishushwa, tairi za nyuma hubaki zimejikunja kwa ndani hadi uzisukume mita chache.

"Juu zaidi, alama zaidi." Jaji hutazama uvungu kwa tochi na kioo, na sentimita 15 hadi 20 zinamtosha. Ukipandisha pua sentimita 30 kwenye Beetle, mwinamo unafika kama digrii 7, na tangi lililojazwa hadi shingoni linaanza kutoa harufu, au kuvuja kwenye kifuniko. Njoo na tangi nusu.

Na hata viti viwe imara kiasi gani, asiingie mtu uvunguni bila stendi mbili chini ya chesisi, zikiwa zimeachiwa nafasi ya sentimita 1 hivi. Kwenye maonyesho anayeingia huwa ni mtoto aliyefuata mpira au kofia, kwa hiyo funga kamba pande zote, kwenye kimo cha goti.