Jumla haitoshi: tuusome umri na jinsi kwenye sensa ya Zanzibar

Matokeo ya sensa yalipotangazwa Oktoba 2022, barazani ilizungumzwa namba moja tu: Zanzibar tumefika 1,889,773. Miaka kumi kabla tulikuwa 1,303,569. Kazi yangu ni takwimu za watu, na jumla ndiyo sehemu ninayoipitia haraka kuliko zote. Ninakwenda moja kwa moja kwenye jedwali la umri na jinsi, maana humo ndimo inamoonekana sababu ya kuongezeka kwetu, na kwa nini tutaendelea kuongezeka hata watu wakianza kuzaa kidogo.

Jedwali hilo huchorwa kama piramidi: watoto wa miaka 0 hadi 4 chini kabisa, wazee juu, wanaume upande huu na wanawake upande wa pili. Ya kwetu ina kitako kipana. Karibu watu wanne katika kila kumi hawajatimiza miaka 15.

Umbo hilo huweza kumpoteza asiyelizoea. Mjapani hutarajiwa kuishi miaka kama 84. Mtanzania hafikishi 70. Ungedhani basi vifo ni vingi zaidi kwetu. Lakini mwaka 2022 Japani walikufa watu zaidi ya 12 katika kila 1,000, na Tanzania ni kama nusu ya hapo. Si kwamba hospitali zetu zimezishinda za Tokyo. Wajapani karibu watatu katika kila kumi wamevuka miaka 65, umri ambao vifo ni vingi popote duniani, na sisi tumejaa watoto na vijana. Kwa hiyo mtu akikuletea idadi ya vifo kwa kila watu 1,000 na kuifanya kipimo cha afya ya nchi, muulize kwanza watu wa nchi hiyo wana umri gani. Sisi wa takwimu hatulinganishi nchi mbili kabla ya kusawazisha umri, yaani kuzihesabu kana kwamba watu wake wamegawanyika sawa kwa umri.

Kwenye uzazi mambo ni hayo hayo, na hapa ndipo ninapotaka wapangaji wetu wa mipango watulie wanisikilize. Chukua mama aliyezaa watoto sita, watatu wa kike. Mabinti hao wakiamua kila mmoja azae wawili tu, mama yule atapata wajukuu sita kwa mabinti peke yao, na huenda bado yuko hai anawalea. Familia zimekuwa ndogo kweli, lakini watu wamezidi. Wasichana walioko skuli leo watakuwa kwenye umri wa kuzaa, yaani miaka 15 hadi 49, mpaka miaka ya 2050 na 2060. Wameshazaliwa. Kwa kasi ya asilimia 3.7 kwa mwaka, iliyoonekana kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, idadi yetu hujirudia mara mbili kwa miaka 19 hivi. Kasi ikipungua, na natumaini itapungua, msukumo wa kitako kile utabaki kwa muda mrefu.

Upande wa jinsi, sensa ilihesabu wanaume 915,492 na wanawake 974,281, sawa na wanaume 94 kwa kila wanawake 100. Wanapozaliwa, wavulana huwa wengi kidogo kuliko wasichana, kwa hiyo pengo linafunguka baadaye. Sehemu yake ni vifo, kwani wanaume hufa mapema kuliko wanawake. Sehemu nyingine ni safari. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mvuvi wa Pemba aliyekwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao, au kijana aliyevuka kutafuta kazi Tanga au Dar es Salaam, huhesabiwa huko. Ukitaka kuona safari inavyoweza kupindua piramidi ya nchi nzima, itazame Qatar: wafanyakazi wa kigeni wameifanya iwe na wanaume karibu watatu kwa kila mwanamke mmoja.

Na umri wenyewe huandikwaje? Kila jedwali letu lina vilima kwenye 30, 40, 50 na 60, kwa kuwa asiyejua mwaka wake hutaja umri unaoishia na sifuri. Wazee wengi hukumbuka kwa tukio: alikuwa anatambaa wakati wa Mapinduzi ya 1964, au keshaanza chuoni kusoma Kurani. Hilo si jambo dogo. Pensheni jamii iliyoanza 2016 hutolewa kwa waliofikisha miaka 70, na mzee asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kukosa haki yake kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana nawahimiza sana wazazi wamsajili mtoto mapema.

Mwisho, wastani wa Zanzibar nzima huficha mengi. Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 893,169, karibu nusu ya Wazanzibari wote. Pemba yote ina 543,441. Mjini hupokea vijana waliokwisha kukua, wakitafuta kazi na nyumba za kupanga, ilhali shehia (maeneo madogo ya utawala) za shamba hubaki na watoto na bibi zao. Kwa hiyo sheha (mkuu wa shehia), diwani au mwalimu mkuu asisubiri wastani wa taifa. Aombe jedwali la wilaya yake, atazame mstari wa miaka 0 hadi 4, kisha ahesabu madarasa. Watoto waliokuwa na miaka minne siku ya sensa wameshaanza skuli.