Figo mpya ikikataliwa: nikikupiga picha naangalia nini

Niko likizo nyumbani Mtwara, juzi pale Mikindani akanisimamisha mjomba mmoja wa Newala, alipandikizwa figo ya dada yake, sasa kreatini (uchafu wa damu ambao figo hutakiwa kuutoa) imepanda na Dar wamemwandikia picha ya nyuklia. Roho juu. "Daktari mwanangu, hiyo mionzi si ndo itaimalizia kabisa?"

Hapana mjomba. Tunakuchoma mshipani teknishiamu, ndo yenye mionzi, kidogo tu, imepakiwa kwenye dawa kama MAG3 ambayo figo huivuta kutoka kwenye damu na kuitoa na mkojo. Kamera inakaa mbele, sio mgongoni, maana figo ya kupandikizwa huwekwa chini ya tumbo karibu na nyonga. Unalala kama nusu saa. Mi macho yangu yote yako dakika ya kwanza, damu inaingiaje, halafu ndo naangalia figo inavyovuta dawa na kuimwaga kibofuni.

Hapo ndo penye kazi sasa. Figo iliyokaa bila damu wakati wa upasuaji huwa imeumia mirija yake midogo ya kutengeneza mkojo, kwahiyo siku za mwanzo damu inaingia vizuri tu ila dawa inang'ang'ania humo humo, mkojo hautoki, baadae inapona taratibu. Mwili ukiikataa, damu yenyewe inapungua na kazi nayo inashuka, mara nyingi wiki ya kwanza ikishapita. Ila takrolimasi, dawa ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, ikizidi nayo inaweza kuleta picha kama ile ya mirija, ndo maana mtu akikwambia kwa picha moja tu kwamba figo imekataliwa mi simwelewi. Nataka picha ya mwanzo nilinganishe, na neno la mwisho ni kinyama kidogo cha figo kinachokatwa kwenda maabara. Picha yetu inatusaidia kujua nani akatolewe kinyama, na nani mkojo wake umeziba au unavuja tu, huyo ukimwongezea dawa za kushusha kinga unamuonea.

Akauliza mbona hiyo dawa msituletee huku. Teknishiamu kila masaa 6 inabaki nusu, ukiipakia Dar saa 12 asubuhi, saa 6 mchana mko bado barabarani mkoa wa Lindi na nusu imeshaenda, na ukifika kamera yenyewe unaitoa wapi?

Nikamwambia abebe ile CD ya picha ya kwanza. Akacheka, eti wajukuu wameshaifanya tairi la gari. Nimempigia mwenzangu Dar aitafute kwenye kompyuta.